Kanisa la Frere Town na Kengele Yake: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Jumapili baada ya ibada, na hata katikati ya juma, hakosekani mgeni aliyesimama Kengeleni na simu mkononi akitafuta mtu wa kumuuliza. Wengine ni wanafunzi waliotumwa na mwalimu. Wengine walimsikia bibi yao akisema "sisi asili yetu Frere Town", bibi akafariki kabla hawajamuuliza zaidi. Majibu haya ni ya kusoma kabla hujavuka daraja. Maswali tumeyaacha jinsi yanavyokuja, si kwa mpangilio wa darasani.

Kengeleni ni wapi, na kwa nini paitwe hivyo?

Ni bara ya kaskazini, ukishavuka daraja la Nyali ukitoka kisiwani Mombasa kuelekea Kongowea. Makanga wa matatu hulitaja jina hilo siku nzima, na abiria hushuka bila kuwaza kwamba ametajiwa kengele. Jina limetokana na mnara wa kengele wa misheni ya Frere Town. Watu walisema "nakwenda kengeleni" kama mwingine asemavyo "nakwenda kisimani", likageuka jina la mtaa. Leo soko la Kongowea limesonga karibu, malori ya vitunguu na ndizi yanapita, na mnara upo pale pale pembeni mwa barabara.

Frere alikuwa nani? Aliwahi kuishi hapa?

Hakuishi. Sir Bartle Frere alikuwa mtumishi wa serikali ya Uingereza, na kabla ya hapo gavana wa Bombay. Mwaka 1873 alitumwa Zanzibar kumtaka Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 5 Juni mwaka huo, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Hapo likazuka jambo ambalo wengi hawalifikirii: ukikamata jahazi lenye watu mia chini ya shehena, watu hao unawapeleka wapi? Makwao ni mbali, njia ya kurudi ndiyo ile ile waliyotekwa, na ukiwashusha bandari yoyote watakamatwa tena kabla jua halijazama.

Frere alipendekeza pawe na makazi kwa ajili yao pwani. Chama cha wamisionari wa Kianglikana cha CMS, kilichoanzishwa London mwaka 1799, kikamtuma Mchungaji William Salter Price. Mwaka 1875 akapata ardhi hapa ng'ambo, makazi yakaanzishwa na kupewa jina la Frere. Ndiyo maana jina linaandikwa kwa maneno mawili, ingawa wengi siku hizi huyaunganisha.

Kwa nini ng'ambo na si kisiwani?

Kisiwani palikuwa pamejaa, na palikuwa na wenyewe. Watu walioletwa walihitaji mashamba ya kulima mahindi na mihogo, si chumba cha kupanga Mji wa Kale. Pia hakuna bwana aliyefurahia kumwona mtu aliyekuwa mali jana akipita mlangoni pake leo akiwa huru. Mkono wa bahari ulisaidia kuwatenganisha. Daraja la kwanza la Nyali, lile lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa 1931, na la zege tunalolitumia sasa ni la 1980. Kabla ya hapo ulivuka kwa chombo, maji yakitaka.

Hao walioletwa walikuwa kabila gani?

Swali hili huulizwa kana kwamba jibu litakuwa neno moja. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wanyamwezi na wengine wengi, watu wa nchi ambazo leo ni Malawi, Msumbiji na Tanzania. Wengi waliokolewa na manowari za Waingereza zilizokuwa zikisaka majahazi, na wengi walikuwa watoto. Wafikirie wameketi pamoja kula kwa mara ya kwanza, kila mmoja na lugha yake. Kiswahili kilikuwa lugha ya waliowateka, ya waliowaokoa, na sasa ikawa ya kuombana chumvi.

Watu waliokombolewa hivi waliitwa mateka. Neno hilo leo linasikika vibaya, lakini enzi hizo lilitumika kuwatofautisha na kundi la pili, watu wa Bombay, ambalo ndilo hasa tunalotaka ulijue kabla hujafika.

Watu wa Bombay walikuwa Wahindi?

La. Walikuwa Waafrika, na bila wao Frere Town isingesimama.

Miaka mingi kabla ya 1875, watoto waliookolewa baharini na manowari za Waingereza walipelekwa India, kwa kuwa Afrika Mashariki hapakuwa na mahali salama. Karibu na mji wa Nasik, CMS walikuwa na kituo kilichoitwa Sharanpur, na Price huyu huyu ndiye aliyekuwa akikiendesha. Huko walisoma, wakajifunza useremala, uhunzi na ufundi mwingine, wakabatizwa na kupewa majina ya Kizungu. Mwaka 1864 wachache wao, miongoni mwao William Jones na Ishmael Semler, walirudishwa Afrika kumsaidia mmisionari Johannes Rebmann kule Rabai. Price alipokuja kuanzisha Frere Town, wengine wengi wakamfuata.

Kwa hiyo ukiuliza "nani alijenga hapa", jibu la haraka ni CMS, kwani pesa zilitoka kwao. Lakini waliojua kupima ukuta, waliofundisha watoto kusoma, waliotafsiri baina ya mzungu na mateka, na waliokwenda kuzungumza na majirani, wengi walikuwa hawa. Walisoma Kiingereza, walijua Kihindi, na walikumbuka, angalau kwa ndoto, lugha ya mama. Ajabu ni kwamba picha za enzi zile zinapooneshwa, mgeni huuliza jina la mzungu aliyeketi katikati, na wale ishirini waliosimama nyuma yake hawaulizwi.

Nimesikia waliobeba maiti ya Livingstone waliishi hapa. Ni kweli?

Baadhi yao, ndiyo. Livingstone alifariki 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili na kuubeba kwa miguu kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Katika msafara ule walikuwamo vijana waliosoma Nasik. Mmojawao, Jacob Wainwright, ndiye aliyesoma maneno ya mazishi kijijini, kisha akasafiri na jeneza hadi Uingereza. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza Westminster Abbey.

Lakini kwa wazee wa Mombasa, jina lililokaa zaidi ni la Matthew Wellington. Alizaliwa Myao, jina lake Chengwimbe, akatekwa angali mtoto, akaokolewa, akapelekwa India, akarudi, akawa katika msafara huo wa kubeba maiti, kisha akamalizia maisha yake hapa kwetu. Alifariki Mombasa mwaka 1935. Maana yake kuna watu waliozeeka mbele ya macho yetu ambao walimwona kwa macho yao wakiwa wadogo.

Livingstone mwenyewe hakuiona Frere Town. Alikwisha kufa kabla haijaanzishwa, kwa hiyo tafadhali usiandike kwenye insha kwamba aliijenga. Tumesoma insha za namna hiyo, na zimepewa alama nzuri.

Kengele ililia kwa sababu gani?

Kwanza kwa mambo ya kawaida: ibada, shule, kazi. Misheni ilikuwa na ratiba, na saa za mkononi hazikuwapo. Lakini inayokumbukwa ni sababu ya pili, yaani kuonya. Kengele ikilia wakati usio wake, watu walijua kuna hatari, huenda watu wanakuja kukamata watu.

Vijana wa siku hizi hudhani hii ni chumvi ya wazee. Si chumvi. Mkataba wa 1873 ulizuia biashara ya baharini, haukumwachia huru hata mtumwa mmoja aliyekuwa tayari shambani kwa bwana wake Mombasa au Malindi. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria katika ukanda huu wa pwani hadi 1907. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini palikuwa na mtaa wa watu huru, na kila upande wake kuna mashamba ya watumwa. Mtu angeweza kuwa huru hapa, akatembea nusu saa kutafuta kuni, akawa mali ya mtu.

Na wale watumwa waliotoroka wenyewe?

Hao ndio waliozua kizaazaa. Watoro walisikia kuna mahali ng'ambo ambako mtu hapigwi mnada, wakaanza kuja wenyewe, wengine Frere Town na wengi zaidi Rabai. Misheni ikawa katikati. Ikiwapokea, mabwana wanakuja na bunduki na hati. Ikiwarudisha, ile misalaba na nyimbo ni za nini? Viongozi wa Kizungu walikuwa wameagizwa wasiwapokee. Wasaidizi wao Waafrika mara nyingi waliwapokea hata hivyo, na ukishakuwa umefungwa kamba shingoni ukiwa na miaka saba, hatuoni ungemrudishaje mtu.

Kufikia 1888 hasira za mabwana zilikuwa zimefika shingoni, na Price akarudishwa kutoka Uingereza kuja kutafuta suluhu. George Mackenzie, aliyekuwa akiiongoza kampuni ya Kiingereza iliyopewa kutawala pwani, akaamua kuwalipa mabwana fidia. Tarehe 1 Januari 1889, kule Rabai, watoro wapatao 1,400 walipewa hati zao za uhuru. Ubaya ni kwamba waliolipwa walikuwa waliomiliki, si waliomilikiwa. Hata hivyo siku ile ilikuwa na vigelegele, na haki ya vigelegele haihitaji mahesabu.

Basi maisha ya Frere Town yalikuwa mazuri?

Yalikuwa bora kuliko yale waliyotoka, na hapo pa kulinganishia ni chini sana. Watu walipewa viwanja, wakajenga, wakaoa, watoto wakasoma. Lakini misheni ilikuwa pia na kanuni, adhabu na jela yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 habari za viboko vikali walivyopigwa wakazi zilifika kwa balozi wa Uingereza Zanzibar na hadi London, zikaleta uchunguzi na aibu. Hebu tafakari: mtu ameokolewa na mjeledi wa mtekaji, anakuja kupigwa na mwokozi.

Watu wa Bombay nao walilalamika. Walikuwa na elimu na ujuzi, wakalipwa kidogo na kutazamwa kama watoto. Baadhi waliondoka kwenda kutafuta kazi penye heshima. Tunayasema haya kwa sababu kuna watalii wanaotaka hadithi tamu isiyo na mwiba, na kuna wengine wanaotaka kusikia kwamba yote yalikuwa hila ya mkoloni. Wote wawili huondoka hawakuridhika.

Kanisa hili ni la Wabatisti?

Hapana, ingawa swali huja karibu kila mwezi, labda kwa sababu mtu akisikia "misheni" na "kubatizwa" katika sentensi moja anaunganisha. Kanisa la Emmanuel Frere Town ni la Kianglikana, yaani ACK. Wabatisti chimbuko lao ni Waingereza waliohamia Amsterdam na kuanzisha kanisa lao huko 1609. Walishikilia kwamba anayestahili ubatizo ni mtu aliyeamini kwa hiari yake, na baadaye Wabatisti wakashikilia pia kwamba azamishwe majini mwili mzima. Kwetu Kenya kazi yao ilianza 1956, pale wamisionari wa Wabatisti wa Kusini mwa Marekani walipokuja, baadhi wakitokea Nigeria. Hapo Frere Town ilikuwa tayari ina umri wa miaka themanini na moja.

Tofauti hiyo utaiona hata kwenye jengo. Kanisa la Kibatisti huwa na birika la kumzamisha mtu mzima, mara nyingi mbele karibu na mimbari, na wasio na birika huenda baharini, jambo ambalo Mombasa si tatizo. Kanisa la Kianglikana huwa na bakuli la ubatizo, la kutosha kumnyunyizia mtoto maji kichwani.

Ndilo kanisa la kwanza Kenya?

Halimo hata tatu bora. Wareno walikuwa na makanisa hapa karne tatu kabla. Walianza kujenga Fort Jesus 1593, ndani yake wakaweka kanisa dogo, na watawa wa Kiagostino wakawa na nyumba yao mjini. Malindi kuna kikanisa cha Kireno ambacho kinasimama hadi leo. Haya yote yaliingia mashakani mwaka 1631, Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Mkristo huko Goa kwa jina la Dom Jerónimo, alipowageukia Wareno na kuitwaa ngome. Wareno walirudi, lakini mwaka 1698 Waomani wakaichukua ngome hiyo, na Ukristo ukatoweka mjini kwa karibu miaka mia moja na hamsini. Wareno walichotuachia kanisani ni neno "padri". Neno "kanisa" lenyewe, na "kasisi", na "msalaba", yametoka kwa Waarabu.

Kwa enzi hii yetu, Rabai ndiyo mama. Wamisionari Krapf na Rebmann waliweka kituo huko 1846. Jengo la kanisa la Mtakatifu Paulo lililopo sasa ni la 1887, na pana makumbusho. Wamethodisti nao wako Ribe tangu 1862, walipofika na Thomas Wakefield. Frere Town ni mtoto wa 1875, na jengo la Emmanuel ni la miaka ya 1880.

Ni lile lenye kuba kama msikiti?

Hilo ni Kanisa Kuu la Kumbukumbu, liko kisiwani, barabara ya Nkrumah. Jiwe la msingi liliwekwa 1903, likafunguliwa 1905, kwa kumbukumbu ya Askofu James Hannington na wengine. Aliyelichora, John Sinclair, alipenda sana umbo la Kiarabu, na Zanzibar amejaza majengo ya namna hiyo. Zuri mno, nenda ukalione. Lakini dereva wa tuktuk akikushusha hapo na kukwambia ndiyo Frere Town, umeliwa nauli.

Krapf alilijenga kanisa la Frere Town?

Hapana. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844 na barua ya Sultani Sayyid Said iliyowaambia maliwali kwamba huyu ni mtu mwema, msaidieni. Miezi miwili baadaye mkewe Rosine alifariki kwa homa, na mtoto mchanga naye akafuata. Walizikwa ng'ambo hii hii ya Nyali, karibu na maji, na mnara wa kumbukumbu ya Krapf uko upande huo. Yeye mwenyewe aliondoka Afrika Mashariki 1853. Kwa maana hiyo, kaburi la Rosine lilitangulia hapa kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya makazi kuanzishwa.

Majengo ya enzi ile yalijengwa kwa vitu gani? Mbona kuta nene hivyo?

Jiwe la matumbawe, chokaa na mchanga, boriti za mikoko panapohitajika. Ndivyo pwani ilivyojengwa tangu kale, msikiti kwa kanisa, nyumba ya tajiri kwa ngome. Jiwe huchimbwa nchi kavu, nalo ni bahari ya zamani iliyokauka: ukiliangalia karibu utaona chaza na vitundu. Jiwe lile lile likipangwa juu ya kuni na kuchomwa linageuka chokaa. Kwa hiyo ukuta na gundi yake ni kitu kimoja.

Unene una kazi. Jua la Machi linapowaka nje, ndani ya ukuta wa sentimita hamsini pana ubaridi. Lakini ukuta huu unapumua. Unanyonya unyevu wa hewa ya chumvi na kuutoa. Ukiupaka chokaa kila baada ya muda, unaishi. Ukiubandika plasta ya saruji ili ung'ae kama benki, chumvi inakwama ndani, na baada ya misimu miwili ya masika plasta inatoka mabamba mabamba na kuja na nyama ya jiwe. Anayeandika majibu haya aliwahi kufanya kosa hilo kwenye ukuta wa nyumba ya babu yake, kwa ushauri wa fundi aliyejiamini sana, na bado analipia. Kwa hiyo mgeni akiuliza kwa nini kuta za zamani "zimechakaa" na hazipigwi saruji, sasa anajua.

Askofu Hannington alihubiri hapa?

Alifika Frere Town mapema 1885 akiwa askofu wa kwanza wa dayosisi kubwa mno iliyoitwa Afrika Mashariki ya Ikweta. Mwaka huo huo aliwaweka William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi, watu wawili waliowahi kuwa shehena ya jahazi. Miezi michache baadaye aliondoka na msafara kwenda Uganda kwa njia ya Umasaini, akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Katika msafara ule alikuwapo William Jones, ambaye alibaki nyuma na sehemu ya wapagazi. Yeye ndiye aliyewaongoza walionusurika kurudi pwani, hadi Rabai. Kanisa kuu limejengwa kumkumbuka askofu. Aliyerudisha watu nyumbani hana hata kibao cha barabara.

Kiswahili gani kilitumika kanisani?

Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, na si kwa bahati. Krapf alianza kukusanya maneno hapa, na kamusi yake ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Baadaye William Taylor wa CMS, aliyeishi Mombasa na kukijua Kimvita kuliko wengi wanaokiongea, alitafsiri nyimbo na sehemu za Maandiko. Taylor huyo huyo, kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ndiye aliyehifadhi mashairi ya Muyaka, mshairi wa Mombasa. Kwa hiyo misheni iliyokuja kuhubiri ikajikuta imeokoa ushairi wa mjini. Watu wa zamani waliomba kwa "ndia" na "mato", si "njia" na "macho".

Kisha mwaka 1928 wakubwa walikutana, na tena walikutana Mombasa hapa hapa, wakaamua Kiswahili sanifu kiegemee Kiunguja. Mtu anakuja kwako, anakula wali wako, halafu anasema wa jirani mtamu zaidi. Vitabu vya Kimvita vikaanza kuwekwa kando taratibu.

Shule ya makasisi ya Frere Town ilikwenda wapi?

Ilihamia Limuru mwaka 1930. Ilianzishwa hapa 1903, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's.

Nadhani babu wa babu yangu alikuwa wa Frere Town. Nianzie wapi?

Anza nyumbani, kesho asubuhi, kwa mtu mkongwe kuliko wote aliye hai. Usimuulize "kabila letu gani", maana atakujibu "sisi Waswahili" au "sisi watu wa misheni" na mlango utafungwa. Muulize wimbo alioimbiwa na bibi yake. Muulize walimwitaje shangazi, chakula gani kilipikwa kwenye matanga, nani alikataa kula nini. Huko ndiko Uyao na Umakua ulikojificha.

Halafu fuata karatasi. Rejista za ubatizo na ndoa za makanisa ya zamani zina mengi, lakini ujue majina yaliandikwa kwa sikio la aliyeshika kalamu. Mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia tatu katika kitabu kimoja. Jina la Kizungu la mwisho halimaanishi damu ya Kizungu, ni jina alilopewa mtoto siku ya maji, pengine la mfadhili ambaye hakuwahi kumwona. Nyaraka za CMS, yaani barua na ripoti za kila mwaka, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na Nairobi kuna Nyaraka za Taifa.

Tena soma walioandika wenyewe. James Juma Mbotela, mtoto wa aliyekombolewa, aliiandika habari hii kwa Kiswahili na ikachapishwa 1934. Ndiyo, ni nyumba hiyo hiyo ya Leonard Mambo Mbotela, yule aliyetuuliza redioni miaka nenda miaka rudi kama huu ni ungwana.

Kuna ada? Naweza kupiga picha?

Kanisa ni nyumba ya ibada, si makumbusho, kwa hiyo hakuna tiketi. Kuna kisanduku cha sadaka. Picha za nje piga. Za ndani uliza kwanza, na usimpige mtu aliyepiga magoti. Kaptula tunazivumilia, ila kuja na leso ya kujifunga kiunoni hakujamdhuru mtu.

Ninaleta wanafunzi arobaini kwa siku moja. Tupitie wapi?

Anzeni Fort Jesus asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, muwaoneshe ilipokuwa dola iliyotangulia. Tembeeni hadi kanisa kuu la barabara ya Nkrumah, dakika chache tu kwa miguu. Pandeni basi mvuke daraja, na katikati ya daraja mwambieni dereva apunguze mwendo ili watazame maji yale yalikuwa mapana kiasi gani kwa mtoto wa miaka saba. Kengeleni shukeni wote, msibaki kwenye basi. Rabai iacheni iwe ya mwisho, ni kilomita kama 25 na barabara ya kutoka mjini ina foleni. Bebeni maji ya kunywa, na mhesabu watoto kabla ya kuvuka barabara pale sokoni, kwa maana malori hayasimami.